Nairobi, Tudor au Kisauni: chuo kipi, na kwa pesa za nani?

Matokeo ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, yakitoka, saiba yangu hapa Kongowea hugeuka baraza. Mtu huja kuprinti barua ya chuo, akaisoma akiwa bado amesimama, akafika kwenye ukurasa wa karo, akavuta kiti. Agosti 2025 aliyevuta kiti alikuwa mama mmoja wa Mtongwe, bintiye nyuma yake kashika bahasha ya kaki.

"Mwanangu," akaniuliza, "hii laki mbili ni ya miaka minne yote?"

"Ya mwaka mmoja, mama."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena, akasoma upya. Nambari ilikuwa ile ile.

Binti alipata B- akateuliwa kusoma shahada ya biashara katika chuo cha umma Nairobi. Nyumbani kulikuwa na rai nne. Baba, dereva wa lori, anasema aende Nairobi, kwani nafasi ya serikali haichezewi. Mama anataka aombe uhamisho aje Technical University of Mombasa (TUM), pale Tudor, alale nyumbani. Binti mwenyewe alikuwa akinong'ona habari ya diploma katika Kenya Coast National Polytechnic, Kisauni, alikokwenda shoga yake. Na ami yake, kama desturi ya kina ami, alikuwa na la kwake: chuo cha kibinafsi mjini, masomo ya jioni, mchana akae dukani kwake amsaidie kuuza.

Tulikaa na kikokotoo karibu saa mbili nzima. Hesabu ile nimeirudia na familia nyingi tangu hapo, na nimeona kosa moja likijirudia: watu wanaweka karo ya chuo hiki kando ya karo ya chuo kile, wakachagua iliyo ndogo. Karo za kozi moja katika vyuo viwili vya umma mara nyingi hazipishani sana. Kinachopishana ni pale mtoto atakapolala.

Laki mbili hiyo inalipwa na nani

Zamani mwanafunzi aliyeteuliwa na serikali alilipa shilingi 16,000 kwa mwaka. Iliyobaki serikali ilikipelekea chuo, na mzazi hakuiona hata kwa macho. Mfumo uliotangazwa Mei 2023 uliitoa nambari ile mafichoni. Sasa barua inakuonyesha gharama kamili ya kozi, ndiyo maana watu wanashtuka, kisha gharama hiyo inagawanywa mafungu matatu: ufadhili usiolipwa, unaotoka Mfuko wa Vyuo Vikuu, mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, unaolipwa baada ya masomo, na mchango wa familia, unaotoka mfukoni mwako leo.

Ukubwa wa kila fungu unafuata bendi, na bendi inafuata hali ya nyumbani: mapato, idadi ya ndugu wanaosoma, wazazi kama wako hai, na mengineyo unayojaza kwenye fomu. Kwa viwango vya 2024 bendi ni tano. Ya kwanza, ya familia zenye uhitaji mkubwa, hupata ufadhili asilimia 70, mkopo 25, na familia hutoa 5. Ya tatu ni 50, 30 na 20. Ya tano, ya wenye uwezo, ni 30, 30 na 40. Juu ya hayo HELB humpa mwanafunzi pesa za matumizi, kuanzia 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya kwanza, zikishuka kwa elfu tano tano hadi 40,000 kwa bendi ya tano.

Hapo kwenye pesa za matumizi ndipo wengi wanapopotea. Wanazihesabu kama zawadi. Nazo ni mkopo, kama ule wa karo, na zitadaiwa.

Tulipiga hesabu ya kozi ya laki mbili kwa miaka minne. Mtoto wa bendi ya kwanza atakopa 50,000 ya karo na 60,000 ya matumizi, jumla 110,000 kwa mwaka. Mtoto wa bendi ya tatu atakopa 60,000 ya karo na 50,000 ya matumizi. Hiyo pia ni 110,000. Wote wawili watamaliza wakiwa na deni la 440,000. Wa bendi ya tano atamaliza na 400,000. Yaani ukiwa maskini au ukiwa na afadhali, deni linakaribiana. Bendi inabadilisha kile kinachotoka mfukoni mwa mzazi sasa hivi: 10,000 kwa mwaka bendi ya kwanza, 40,000 ya tatu, 80,000 ya tano. Kwa hiyo ukihisi umewekwa bendi isiyo yako, kata rufaa. Njia ipo. Fanya hivyo mapema, ukiwa na karatasi mkononi: cheti cha kifo cha mzazi kama yupo aliyefariki, barua ya chifu, karo za ndugu zake. Kupanda au kushuka bendi moja ni zaidi ya basari nyingi ninazoona watu wakizipigania.

Mambo mawili kabla sijaendelea. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huu unakwenda kinyume na katiba, na baadaye Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo, kwa hiyo mfumo ungali unatumika. Halafu mwaka 2025 serikali ikatangaza karo zimeshushwa kuanzia Septemba, ziwe kati ya 5,400 na 75,000 kwa muhula kulingana na kozi. Kwa hivyo laki mbili ninayoitumia hapa ni ya kufundishia hesabu tu. Wewe chukua iliyo kwenye barua yako, na bendi yako, ufuate hatua zile zile.

Hesabu ya mama wa Mtongwe

Familia iliangukia bendi ya tatu. Tuliandika kila kitu kwa mwaka mmoja. Chumba cha Nairobi tulikiweka 7,000 kwa mwezi, bei aliyotajiwa na jamaa yake aliyeko huko, kwa miezi tisa. Chakula 250 kwa siku, na hapo mama alicheka akasema huyo mtoto atakula mikate mikavu. Treni ya SGR daraja la kawaida ni 1,500 tangu Januari 2024, kwa hivyo kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka ni 6,000, kabla hujalipa matatu ya kufika Miritini.

Upande wa Tudor hakuna chumba. Kuna matatu ya Mtongwe hadi feri, feri yenyewe ni bure kwa anayevuka kwa miguu, kisha matatu ya ng'ambo hadi Tudor. Tulikadiria 160 kwa siku kwenda na kurudi, siku 150 za masomo. Chakula cha mchana 150. Kisauni ni mbali zaidi kidogo, na vyuo vya ufundi vina mihula mitatu, kwa hiyo tuliweka nauli 200 na siku 180. Karo ya kozi za ufundi katika vyuo vya serikali chini ya mfumo mpya ni 67,189 kwa mwaka. Safu hii ya diploma niliiandika kwa makusudi bila ufadhili wala mkopo, kana kwamba serikali haikutoa hata senti.

| Kwa mwaka (shilingi) | Nairobi | TUM, akilala kwao | Diploma Kisauni bila msaada |
|---|---|---|---|
| Karo ya kutoka nyumbani | 40,000 | 40,000 | 67,189 |
| Chumba | 63,000 | 0 | 0 |
| Chakula | 67,500 | 22,500 | 27,000 |
| Nauli | 6,000 | 24,000 | 36,000 |
| Jumla | 176,500 | 86,500 | 130,189 |
| Toa pesa za matumizi za HELB | 50,000 | 50,000 | 0 |
| Inayotoka mfukoni | 126,500 | 36,500 | 130,189 |

Baba alikuwa ameunganishwa kwa simu, spika imefunguliwa, honi za Mariakani zinasikika nyuma yake. Nilipomsomea mstari wa mwisho alinyamaza, kisha akasema, "Rudia hapo kwa Tudor."

Kati ya Nairobi na Tudor kuna 90,000 kwa mwaka, 360,000 kwa miaka minne. Karo ni ile ile, shahada ni ile ile ya biashara, deni la HELB ni lile lile la 440,000. Tofauti yote ni kitanda na sahani. Na ukiangalia kwa jicho kali, mtoto wa Tudor ana hiari ambayo wa Nairobi hana: anaweza kukataa pesa za matumizi. Akizikataa, nyumbani watatoa 86,500 kwa mwaka, lakini atamaliza na deni la 240,000 badala ya 440,000. Wa Nairobi akizikataa atalala nje.

Ile safu ya tatu nayo ina jambo. Diploma isiyo na msaada wowote inazidi Nairobi yenye ufadhili na mkopo kwa 3,689 tu kwa mwaka, na ikimalizwa kwa miaka mitatu inaacha deni sifuri. Ukijumlisha kila kitu hadi mwisho, kilichotoka mfukoni pamoja na deni, Nairobi ni 946,000, Tudor 586,000, Kisauni 390,567. Na huyo wa Kisauni akipata ufadhili na mkopo wake, kwani vyuo vya ufundi navyo vimo katika mfumo huu, anashuka chini zaidi.

Kuna watu wa Mombasa wanaouliza mbona sitaji Pwani University. Naitaja. Kilifi ni kama kilomita 60, si ya kwenda na kurudi kila siku kwa mtu wa Mtongwe, kwa hivyo chumba kinarudi kwenye hesabu, ingawa nauli ya kurudi nyumbani wikendi inamudika na mtoto anaweza kubeba unga na samaki wa kukaanga. Iweke katikati ya Tudor na Nairobi.

Nairobi ina haki yake

Nisije nikaonekana nina chuki na bara. Kuna kozi ambazo Tudor hazipo, na mtoto aliyeteuliwa udaktari wa binadamu hana sababu ya kukaa kulinganisha na kikokotoo cha saiba. Kuna pia mtoto ambaye nyumbani hapasomeki: chumba kimoja watu saba, televisheni haizimwi, kila jioni anatumwa. Huyo kumbakisha Mombasa kwa ajili ya kuokoa 90,000 ni kumchelewesha. Na kuna hosteli za chuo zenyewe, zilizo rahisi kuliko chumba cha nje, ila nafasi ni chache na wanaochelewa kuomba hukosa. Ukiipata, futa ile 63,000 kwenye jedwali uandike ya hosteli, upige hesabu upya.

Lakini shahada ya biashara iliyoko Tudor na iliyoko Nairobi? Hapo mimi siyumbi. Watu wanalipia jina la mji. Mwajiri wa bandarini anayetafuta karani wa mizigo anataka mtu aliyewahi kuishika karatasi ya forodha, na aliyeko Mombasa ndiye aliye karibu na ofisi hizo atakapotafuta nafasi ya mazoezi ya kazi. Mazoezi hayo mara nyingi hayana malipo. Ukifanyia kwenu, unakula kwenu.

Diploma si adhabu

Hili ndilo lililochukua muda zaidi, kwa sababu mama alikuwa na aibu nalo. Mtoto mwenye B- kwenda diploma, majirani watasemaje? Daraja la kuingilia shahada ni C+, la diploma ni C-, na watu hutafsiri hilo kuwa diploma ni ya waliofeli.

Nilimuuliza binti swali moja: shoga yako anasomea nini? Akasema mitambo ya friji na viyoyozi. Na wewe unaitaka hiyo, au unamtaka shoga yako? Akacheka, akaangalia chini. Basi jibu likajulikana. Hakuwa na kozi ya ufundi moyoni mwake, alikuwa na woga wa Nairobi. Diploma inayochukuliwa kwa woga si rahisi hata kama karo yake ni 67,189, maana mtu hurudi tena baada ya miaka mitatu kutafuta shahada aliyoitaka tangu mwanzo, akailipa upya.

Kwa anayeipenda kazi yenyewe ni habari nyingine. Mji huu una mahoteli, una meli, una maghala ya baridi ya samaki, una nyumba zisizokalika bila feni. Fundi mzuri wa viyoyozi hapa hapumziki kuanzia Desemba hadi Machi. Anayetaka bahari ana Bandari Maritime Academy. Na mlango wa shahada haufungwi: baadhi ya vyuo vikuu humpokea mwenye diploma nzuri akaanzia mwaka wa pili, na hiyo ni njia ya kununua mwaka mzima wa chuo kikuu kwa bei ya ufundi. Uliza chuo unachokilenga kabla ya kuanza diploma, upewe jibu kwa maandishi. Hata TUM yenyewe, ambayo wazee wa mji hadi leo wanaiita Poli, ilianza kama chuo cha ufundi cha Waislamu, MIOME, ikawa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2013, na bado inafundisha diploma.

Chuo cha ami

Hiki nilikimaliza upesi. Chini ya mfumo huu ufadhili wa serikali hauendi chuo cha kibinafsi. Mwanafunzi wa huko anaweza kuomba mkopo wa HELB, basi. Kwa hivyo lile fungu la asilimia 50, ambalo kwa familia hii ni 100,000 kwa mwaka isiyolipwa kamwe, linaachwa mezani. Ili mpango wa ami uwe sawa na wa Tudor, duka lake lingepaswa kumlipa binti mshahara wa kuziba pengo hilo, na ami alikuwa hajataja mshahara. Alitaja "posho".

Masomo ya jioni yanamfaa mtu aliyekwisha kuajiriwa, ambaye shahada inampandisha cheo. Mtoto aliyetoka kidato cha nne na nafasi ya serikali mkononi hayamfai, sembuse arudi kwa feri saa tatu usiku akiwa peke yake.

Pesa zenyewe zitoke wapi

Tuseme umekubali kuna pengo la 20,000 mwanzo wa muhula. Nasema mwanzo kwa sababu pesa za HELB huchelewa. Chuo kinafunguliwa, mtoto ameripoti, na simu yake bado haijalia. Wiki tatu, nne, pengine zaidi. Jedwali langu linaonyesha mwaka mzima, lakini familia huzama kwenye mwezi wa kwanza.

Pengo hilo ukiliziba kwa mkopo wa simu unaotoza asilimia 7.5 kwa siku 30, unalipa 1,500 kwa mwezi, na ukiufanya upya muhula mzima wa miezi minne ni 6,000. SACCO inayotoza asilimia moja kwa mwezi kwenye salio linalopungua itakuchukulia kama 1,300 kwa mwaka mzima. HELB hutoza asilimia 4 kwa mwaka: kwa 20,000 hiyo ni 800. Nimeona mzazi anayeikimbia HELB akisema ni deni, huku simu yake ina mikopo mitatu.

Kinachotisha kwa HELB ni kunyamaza. Baada ya kumaliza chuo unapewa mwaka mmoja, kisha ulipe. Asiyelipa anapigwa faini ya 5,000 kila mwezi. Riba ya deni la 440,000 ni 17,600 kwa mwaka. Faini kwa mwaka ni 60,000. Vijana wanakuja hapa na nyaraka za kuombea kazi, wanaambiwa wapeleke cheti cha HELB, tunafungua akaunti, na naona uso wa mtu ukibadilika. Riba haikumfanya kitu. Faini ndiyo iliyomla.

Halafu kuna suala ambalo Mombasa haliwezi kuachwa nje. Wazazi wengi wa Kiislamu hawataki riba, hata ya asilimia 4. Mimi si mwanachuoni na sitoi fatwa. Muulize sheikh wako. Kazi yangu ni hesabu, na hesabu inasema hivi: ufadhili na mkopo ni vitu viwili, vinatoka mifuko miwili. Ukiuondoa mkopo wote, familia ya bendi ya tatu itahitaji 146,500 kwa mwaka kwa Tudor na 236,500 kwa Nairobi. Ya kwanza ni nzito lakini wapo walioimudu kwa kuchangiana ndugu wanne, kila mmoja kama elfu tatu kwa mwezi. Ya pili sijaona. Kwa hiyo mzazi anayekataa riba ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuangalia chuo cha karibu, na kwa kweli ndiye ninayemwona mara nyingi aking'ang'ania Nairobi.

Basari ya eneo bunge na ya kaunti ziombwe zote, kila mwaka, bila aibu. Mombasa ina maeneo bunge sita, na ya kuombea ni kule kwenu: mtu wa Mtongwe ni Likoni, asipoteze muda wake Mvita kwa kuwa chuo kiko kisiwani. Lakini usiiandike basari kwenye jedwali kabla hundi haijafika chuoni. Ichukulie kama mvua ya vuli.

Harambee nayo, mimi naiogopa kidogo. Ukumbi hujaa, mheshimiwa huahidi, na pesa inayopatikana hulipa mwaka wa kwanza vizuri sana. Mwaka wa tatu hakuna anayekumbuka. Kama mnafanya harambee, fanyeni ndogo ya watu wanaojuana, kila mmoja aahidi kiasi kidogo kila mwezi hadi mwisho, msimamizi awe mtu asiyeona haya kudai. Khalati mmoja wa aina hiyo ni bora kuliko wabunge wawili.

Ambayo hayamo kwenye barua

Ada ya mtihani wa kurudia. Joho la mahafali. Laptopu, ambayo kwa biashara na ufundi siku hizi haiepukiki, na ya mtumba pale mjini itatosha. Bima na nauli za mazoezi ya kazi. Mdogo wangu alisoma chuo kimoja, jina naliacha, ambako kila muhula kulizuka ada mpya ya "huduma" isiyokuwepo kwenye karatasi ya mwanzo, na mwisho cheti chake kikakaa ofisini kwao miezi minane kwa sababu ya salio la 11,400. Miezi minane bila cheti ni miezi minane bila kazi. Ukienda kuuliza karo, omba karatasi ya miaka yote, si ya muhula wa kwanza, na uulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu kama ndiyo anayolipa kweli.

Na weka akiba ya migomo. Wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma tarehe 17 Septemba 2025 hadi tarehe 5 Novemba, siku 49. Mwenye chumba Nairobi hakugoma. Alitaka kodi yake Oktoba na akaitaka Novemba.

Binti wa Mtongwe aliomba uhamisho siku ile ile, pale kwenye kompyuta ya tatu karibu na feni, mama akisoma kila kisanduku kabla hajabonyeza. Tudor walimpokea. Wiki chache tu baada ya kuripoti, mgomo ukaanza, akarudi kwao Mtongwe bila kumlipa mtu yeyote kodi. Siku zote zile alikaa dukani kwa ami yake akiuza. Mama aliniambia alipokuja kuprinti ratiba mpya ya masomo: ami alilipa mia tatu na hamsini kwa siku, baada ya kusumbuliwa sana, na pesa hiyo ndiyo iliyonunua laptopu.